Saumu ya Bulaimu

Mume wangu alisifiwa uchamungu kwa sababu ya kibofu chake. Nacheka nikisema hivyo, lakini ni kicheko cha mtu aliyekwisha kulia. Pale Kasongo, enzi za Wabelgiji, watu wa mtaa wetu walikuwa wakiwaambia watoto wao: mtazameni Bulaimu, muadhini wetu, anafunga Jumatatu, anafunga Alhamisi, sasa anafunga karibu kila siku na Ramadhani bado iko mbali. Wanawake walinifuata mpaka kisimani kuniomba nimwambie awaombee dua. Mimi niliyekuwa nikifua kanzu zake nilijaza mtungi wangu, nikaenda zangu.

Ukweli ulikuwa hivi. Kibofu kilikuwa kikimkaba ghafla. Sisemi haja ya kawaida, ile inayokuja taratibu na kukupa nafasi ya kumaliza mazungumzo. Hii ilimshika chini ya kitovu kama mikono inayokamua nguo, na kabla hajafika uani kanzu ilikuwa imekwisha kuloa. Ilianza kidogo kidogo mwaka ule tulipomwoza binti yetu Hawa, ikakaa, ikaota mizizi. Mwanamume mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima akawa haendi mahali kabla hajajua choo kiko wapi.

Na kwa akili zake akaona dawa ni moja tu: asiyekunywa hakojoi. Akaacha maji. Lakini kwetu mgeni hakai kabla hajapewa kikombe, na mtu mzima akikataa maji ya watu ataulizwa kulikoni. Aliyefunga haulizwi. Basi saumu yake ilikuwa hiyo. Magharibi alifungua kwa kahawa nyeusi, kali, ile ya kumkesheza mpaka alfajiri asije akalowesha kitanda, na maji hayakugusa midomo yake ila kwa kusukutua.

Mambo yalizidi kuharibika. Mkojo wake ulikuwa mweusi kama chai iliyosahauliwa jikoni, ukamchoma, na kibofu kikawa kinashtuka hata kwa matone. Aliadhini, halafu watu wakipanga safu, yeye anatoka kwa mlango wa pembeni. Wakasema anaswali peke yake kwa unyenyekevu. Na mwanamume huyuhuyu ndiye aliyewafundisha watoto wa chuo cha Kurani kwamba mwenye ugonjwa wa mkojo ameruhusiwa na sheria: ajifunge kitambaa, atawadhe kila wakati wa sala unapoingia, aswali, na Mungu anajua. Niliwahi kumkumbusha. Akanijibu kwamba sheria hiyo ni ya wagonjwa. Nilitaka kumpiga na mwiko.

Hayo yote ningeyavumilia. Lililonichoma lilikuwa Wamaza.

Hawa alikuwa mtoto wetu pekee aliyebaki. Wengine tuliwazika wadogo. Aliolewa na Ismaël, mkulima wa Wamaza, upande wa Kabambare, kijana mpole asiyejua kugombana hata na mbuzi. Siku ya kumpeleka kwa mumewe, baba yake alisema msikiti hauna mtu wa kuadhini. Nilikwenda mimi na shangazi zake. Mwaka uliofuata akasema mguu unamuuma. Kisha akasema mvua. Hawa alipokuja kututembelea alikuwa akikaa kwenye mkeka mbele yake na kumwuliza.

“Baba, utakuja siku gani?”

“Mvua ikikatika, mama.”

“Ilikatika, Baba. Hata vumbi iko.”

Bulaimu anacheka, anamtania kwamba kunde za Wamaza zimemnenepesha, na mambo yanaishia hapo. Kule ukweni watu walikuwa wakimwuliza mwanangu kama baba yake anawadharau. Hakutuambia yeye. Nilisikia kwa wachuuzi.

Alipopata mimba baada ya kuingoja sana, alikuja tena kwetu, tumbo limeanza kuonekana. Safari hiyo hakuuliza siku. Alimwangalia baba yake akikimbilia uani mara nyingi asubuhi moja, akaangalia kamba yangu ya kuanikia iliyojaa kanzu, akasema tu, “Baba, mutoto wangu hataadhiniwa na mutu mwingine. Utamwadhinia weye. Tutakungoja.”

Alipoondoka, nilichukua kanzu yenye kunuka, nikaitupa mbele ya miguu ya mume wangu.

“Hii mi sifui tena mpaka uende kwa muganga.”

“Mama Hawa, nitamwambia muganga nini? Mi mutu muzima, muadhini, niseme najikojolea?”

“Utasema vilevile. Ao nitasema mi, na mi sina sauti ndogo.”

Alikwenda. Katika dispensari kulikuwa na muuguzi mmoja, Gaston, Mkristo, mtu wa maneno machache mwenye kucha safi. Alimwomba akojoe kwenye chupa, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama muda mrefu.

“Muzee, maji unakunywaka namna gani?”

“Niko nafunga.”

“Kila siku?”

“Karibu kila siku.”

“Juu ya Mungu ao juu ya mukojo?”

Bulaimu akainamisha kichwa. Nikamhurumia kuliko siku zote za ndoa yetu. Gaston hakumcheka. Alivuta kiti chake karibu, akashusha sauti.

“Sikia. Kibofu iko mufuko wa nyama. Kazi yake ni kulala na kujaa pole pole. Ikijaa, nyama inakaza, mukojo unatoka. Ya weye inakaza mbele ya kujaa, ingali nusu, bila kukuuliza. Damu haiko, usaha haiko. Ni nyama yenyewe inashituka. Sasa ukikosa kunywa, mukojo unakuwa mukali, unachoma mule ndani, na nyama inashituka zaidi. Weye unawaza unaituliza, kumbe unaichokoza.”

“Na kahawa?” niliuliza mimi.

“Kahawa pia inaichokoza. Aiache.”

Akamfundisha. Anywe kidogo kidogo tangu asubuhi, asimeze kibuyu kizima kwa mara moja. Aende kukojoa kwa saa zake mwenyewe, kabla ya kila sala na mara moja katikati, akiitwa asiitwe, kisha kila baada ya siku kadhaa asogeze mbele kidogo mpaka kibofu kizoee kungoja. Ale mboga na mapapai, maana choo kigumu kinakibana kibofu. Na kikimshika, asikimbie.

“Ukikimbia, inashinda. Simama, ao ikala chini. Kaza huku chini kama mutu mwenye kuzuia upepo mbele ya wakwe. Achia, kaza tena. Vuta pumzi pole pole. Itapanda, itafika juu, itashuka. Ikishuka, ndio utembee.”

“Itapona?”

“Siwezi kukudanganya, muzee. Si kidonda. Utaiongoza kama mutu anaongoza ng'ombe mukorofi. Na siku ya safari, hapo ndipo watu wanakosea: usikauke. Kunywa kidogo kidogo, kojoa mbele ya kupanda kamyo, na shofa mwenye kuiendesha umwambie mapema. Shofa naye iko na kibofu.”

Tulirudi nyumbani, na jioni ile alikunywa maji. Nilimwangalia kwa pembe ya jicho. Haikuwa kazi ya siku moja. Wiki za kwanza kanzu zililoa kama zamani, akanilaumu mimi, akamlaumu Gaston, akaulaumu hata mtungi. Kisha, taratibu, mkojo ukaanza kuwa mweupe. Siku moja nikamkuta amesimama katikati ya uwanja, macho yameangalia mbali, midomo ikisoma kimya kimya, na nikajua kimemshika. Baadaye akaachia pumzi, akatembea kwenda uani kama mwanamume anayekwenda kuangalia kuku wake. Aliporudi alikuwa anacheka, meno yote nje, na mimi nikacheka mpaka nikakaa chini.

Ijumaa iliyofuata aliswali kwenye safu. “Mutoto akizaliwa,” akaniambia, “nakwenda Wamaza. Wallahi nakwenda.”

Habari ililetwa na mchuuzi wa mawese aliyekuja na baiskeli. Hawa amejifungua mtoto wa kike, mtoto mzima, lakini mama homa imemshika na haishuki. Anataja baba yake.

Kesho yake kulikuwa na lori lililokuwa likipeleka mbegu za pamba Kabambare, na njia yake ilipita Wamaza. Dereva, Roger, alikubali kutupakia juu ya magunia pamoja na abiria wengine. Asubuhi nilijaza kibuyu cha maji. Bulaimu alinipokea, akakitundika begani, akasema atakibeba mwenyewe. Midomo yake ilikuwa mikavu, imepasuka, nami nikadhani ni hofu ya mtoto wetu. Kumbe tangu jana mchana hakuwa amemeza hata funda. Hofu ilikuwa imemrudisha kwenye dawa yake ya zamani. Kibuyu alikimwaga nyuma ya ghala la mbegu wakati mimi napanda.

Jua lilipopanda nilimwomba maji, akasema yameisha. Nikanusa pumzi yake, nikaelewa. Sikujua nimlilie Hawa au nimsukume huyu mwanamume kutoka juu ya magunia. Na mtikiso wa barabara ile, mashimo na mawe, ulikuwa ukimpiga palepale panapouma.

Mara ya kwanza aligonga kibanda cha dereva, Roger akasimama, Bulaimu akashuka mbio, akarudi na matone tu aliyoyatoa. Baada ya kilima akagonga tena. Abiria wakaanza kunong'ona. Mmoja akauliza kama muzee anaweka alama njiani asipotee wakati wa kurudi, wakacheka. Mume wangu naye akacheka nao, na kicheko hicho ndicho kilichoniumiza. Alipogonga tena, Roger alitoa kichwa dirishani.

“Muzee, nikisimama kila mahali, mbegu haifiki leo! Fungia mukojo!”

“Simama, baba, simama tu kidogo,” nikapiga kelele mimi. “Iko mugonjwa!”

Hakusimama. Nikamwona Bulaimu amefumba macho, anajaribu kukaza, anajaribu kuvuta pumzi, lakini lori lilitumbukiza gurudumu shimoni na yote yakamtoka. Kanzu, kisha gunia chini yake. Vijana wakaruka upande wa pili wakipiga mayowe kwamba muadhini wa Kasongo amekojolea pamba.

Hapo lori likasimama. Roger alipanda, akashika gunia, akashika kichwa. Hakuwa mtu mbaya. Hata leo siwezi kumlaani ingawa nimejaribu. Alikuwa mwoga.

“Mbegu ikiloa inaoza. Muzungu wa pamba atafungua hii gunia mbele yangu, na fimbo nitapigwa mi, haiko weye. Shukeni. Mama, unisamehe, lakini shukeni.”

“Mutoto wetu iko nakufa Wamaza!”

“Mama, shukeni.”

Tukashuka. Lori likaenda na vumbi lake, tukabaki porini, yeye amejifunika mbele kwa mikono miwili kama mtoto aliyepigwa. Nilimwambia maneno ambayo mke hapaswi kumwambia mumewe. Nilimwambia maji ni ya bure, hata mbwa anayanywa. Alivua kanzu, akaifunga kiunoni, akaanza kutembea, nami nikamfuata.

Tulipofika kwenye kijito nilikaa njiani, nikamwambia sitanyanyuka mpaka anywe. Akanywa kwa viganja, mara nyingi, kidogo kidogo. Mbele kidogo tukapata kijito kingine, akanywa tena bila kuambiwa. Tulilala kwenye kibanda cha watu walioko shambani, wakatupa mihogo na maji, na akayapokea maji. Asubuhi kilimshika katikati ya njia. Alisimama. Alikaza, akaachia, akavuta pumzi, midomo ikisoma. Kikapita. Tukaendelea. Nguo yake ilikuwa kavu, imekauka kwa jua, na ilibaki kavu njia nzima. Yaani ilikuwa inawezekana. Ilikuwa inawezekana tangu mwanzo, na mimi nilitembea nyuma yake nikilia kwa hasira kwa sababu ilikuwa inawezekana.

Tulifika Wamaza jua limeinama. Watu walikuwa wamekaa kwenye mikeka mbele ya nyumba ya Ismaël, na waliponiona hakuna aliyenipungia mkono. Mama mmoja akaniletea mtoto, akaniwekea mikononi bila kusema. Ndivyo nilivyojua.

Ismaël alikuja na kupiga magoti mbele ya baba mkwe wake.

“Tumemuzika adhuhuri, Baba. Tulingoja mpaka tukashindwa. Maiti haingojei, unajua mwenyewe. Muzee wa kwetu alisimama pahali pako kwenye sala.”

Kumswalia mtoto ni haki ya baba kwanza. Bulaimu aliwafundisha watu hivyo maisha yake yote.

“Alikufa saa gani?” niliuliza.

“Leo alfajiri. Jana ile kamyo ya mbegu alisikia mulio yake, akafungua macho, akasema, ‘Baba amefika.’ Nikatoka mbio. Ikapita bila kusimama. Nikarudi kumwambia. Akasema, ‘Basi, labda itarudi.’”

Mume wangu alitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, wala si sauti ya kuadhini. Kisha nikaona uso wake umebadilika, mkono umeshika chini ya kitovu, macho yanazunguka kutafuta kichaka, na kila upande wamekaa waombolezaji. Kimemshika, na safari hii uchungu ulikuwa umemnyang'anya hata akili ya kusimama na kukaza. Alianza kugeuka akimbie.

Ismaël akainuka, akamshika mkono, taratibu, kama anavyoshikwa kipofu.

“Kuja huku, Baba. Haiko mbali.”

Pembeni ya nyumba, kwenye ubavu wa chumba cha wageni, kulikuwa na uzio mdogo wa matete mapya, bado ya kijani. Mlango wake ulitazamana na mlango wa chumba, hatua mbili tatu tu, na ardhi katikati ilikuwa imefagiliwa na kupangwa mawe bapa ili mguu usiteleze. Ndani kulikuwa na choo, mtungi uliojaa, na birika la kutawadhia. Nyuma ya mlango ilitundikwa kanzu safi, iliyonyooshwa vizuri.

“Hawa alinisumbua tangu alipotoka kwenu,” Ismaël alisema. “Akasema choo yetu iko mbali, Baba hataweza. Akasema, ‘Fanya huku, karibu na mulango, na hapana kumwuliza kitu. Akiona hii, atajua anaweza kukaa na siye.’ Ile kanzu alishona mwenyewe. Maji alikuwa anabadilisha kila asubuhi, mpaka siku ya kuzaa.”

Bulaimu aliingia. Alikaa humo muda mrefu, na hakuna aliyeuliza. Nilisikia maji ya birika yakimwagika, akitawadha. Alitoka amevaa kanzu aliyoshonewa na mwanawe, ilimkaa sawasawa mabegani. Aliniomba mtoto. Akamgeuzia uso kibla, akaweka midomo yake kwenye sikio dogo la kulia, na sauti ile kubwa ikatoka ndogo, imekatika katika, akarudia neno, akaendelea. Katikati yake kilimshika tena. Nilimwona akisimama wima, akikaza, akivuta pumzi. Hakukimbia. Alimaliza adhana, kisha akamsomea mtoto ikama kwenye sikio la kushoto, kisha akanirudishia.

Nikamchotea kikombe kutoka mtungi ule ambao Hawa alijaza mara ya mwisho kwa mkono wake, akakinywa chote mbele za watu. Hapo ndipo mimi niliposhindwa. Nilikaa juu ya mawe yale bapa na mjukuu wangu kifuani, nikalia mpaka sauti ikaisha, kwa sababu mwanangu alijua. Alijua, wala hakuona aibu. Na baba yake alikuwa amejinyima maji miaka yote ile, na kujinyima kumwona, ili asije akajua.